Choo, Udongo na Kisima: Safari ya Vijidudu Chini ya Ardhi

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama unafua au unamnyonyesha mtoto, endelea na kazi yako, lakini nitegee sikio. Leo tutazungumza juu ya maji unayoteka kisimani kila asubuhi, na juu ya jambo ambalo huwezi kuliona kwa macho, nalo ni lile linalotokea ndani ya udongo, kati ya choo chako na kisima chako.

Wengi wetu husema hivi: "Maji ya kisima changu ni mazuri. Yaangalie, ni meupe pepepe. Hayana harufu, na ni baridi hata mchana wa jua kali." Sikatai, mama. Lakini maji kung'aa ni jambo moja, na maji kuwa salama ni jambo lingine. Mtoto anaweza kunywa maji yanayong'aa leo, na baada ya siku mbili tatu ukamwona anahara, macho yameingia ndani, na hana nguvu hata ya kulia.

Nitaanza na kisa cha kweli. Ni cha zamani na kilitokea mbali na kwetu, lakini ni kisa cha mama na mtoto, kwa hiyo utakielewa.

Mwaka 1854, katika mji wa London, Uingereza, kulikuwa na mtaa uitwao Broad Street. Nyumba nyingi hazikuwa na mifereji ya maji. Watu waliteka maji kwenye kisima chenye pampu ya mkono, kama zile tulizo nazo katika vijiji vyetu vingi leo. Maji ya pampu hiyo yalisifiwa sana kwa ladha yake. Wengine walipita pampu za karibu wakaja kuyateka.

Mwisho wa mwezi wa Agosti, mtoto mchanga wa miezi mitano katika nyumba iliyokuwa karibu na pampu alianza kuhara. Mama yake alifanya kile ambacho mama yeyote angefanya. Alifua nepi, na maji machafu akayamwaga katika shimo la maji taka lililokuwa mbele ya nyumba. Hakujua kwamba matofali ya shimo hilo yalikuwa yamechakaa na yanavuja. Wala hakujua kwamba kati ya shimo na kisima hapakuwa na udongo wa hata mita 1.

Baada ya siku chache tu, kipindupindu kililipuka mtaani. Zaidi ya watu 600 walikufa katika eneo hilo dogo, wengi wao katika siku kumi za kwanza. Daktari mmoja aitwaye John Snow alipita nyumba hadi nyumba akiuliza waliokufa walikunywa maji gani. Alipoona kwamba wengi wao walikunywa maji ya pampu ile, aliwasihi viongozi wa mtaa, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa. Baadaye kasisi wa eneo hilo, Henry Whitehead, ndiye aliyegundua habari ya mtoto yule na nepi zake. Shimo lilipofukuliwa, ilionekana wazi kwamba uchafu ulikuwa ukipenya udongoni kuelekea kisimani.

Mama mwenzangu, sikukupa kisa hiki ili tumlaumu mama yule. Mtoto wake mwenyewe alikufa. Nimekisimulia kwa sababu wewe nami leo tunaweza kujua kile ambacho yeye hakukijua.

Sasa tujiulize, vijidudu vinapitaje ndani ya udongo?

Chukua mfano wa ungo unaochungia unga. Unga laini hupita, na makapi hubaki juu. Udongo nao ni kama ungo. Kati ya chembe moja ya udongo na nyingine kuna nafasi ndogo, na maji hupita katika nafasi hizo. Bakteria ni wadogo mno. Ukiwapanga elfu moja katika mstari mmoja, mstari wote utakuwa na urefu wa milimita moja au mbili, sawa na kichwa cha pini. Kwa hiyo katika mchanga wenye chembe kubwa wanaweza kupita. Katika udongo laini wa mfinyanzi nafasi ni finyu, na wengi wao hukwama.

Kukwama huko ni kinga ya kwanza. Kinga ya pili ni kunata. Bakteria wanapogusa chembe za udongo, wengi hunata kama ugali unavyonata kwenye sufuria. Kinga ya tatu ni kufa. Bakteria wa maradhi wamezoea tumbo la binadamu, penye joto na chakula tele. Chini ya ardhi hakuna chakula hicho, na kuna vijidudu vingine vya udongo vinavyowala. Siku zinavyopita ndivyo wanavyopungua.

Kwa hiyo udongo ni mlinzi wetu, lakini ni mlinzi anayehitaji vitu viwili, yaani nafasi na muda. Ukimpa nafasi ndogo, hana pa kuwanasa. Ukimnyima muda, hawafi. Huko Ujerumani, wanapolinda visima vya maji ya mji, hupima eneo la ulinzi kwa siku badala ya mita. Hutaka maji yachukue siku 50 chini ya ardhi kabla ya kufika kisimani, ili bakteria wawe wamekufa njiani.

Kuna jambo lingine la kukumbuka. Bakteria hawana miguu. Baadhi yao wana vimikia vya kuogelea, lakini kwa kuogelea peke yao hawafiki mbali. Kinachowabeba ni maji. Pasipo maji, hakuna safari. Ndiyo sababu choo kilichokaa miezi mingi bila kuleta shida wakati wa kiangazi kinaweza kuleta maradhi wiki ya pili ya masika. Mvua kubwa husukuma uchafu kwa haraka. Tena mvua huinua maji yaliyo chini ya ardhi. Maji hayo yakipanda mpaka yakagusa shimo la choo, vijidudu havihitaji tena kupenya udongo mkavu. Vimeingia majini moja kwa moja.

Na tusisahau virusi. Hao ni wadogo kuliko bakteria kwa mbali sana, kwa hiyo hupenya pale ambapo bakteria hukwama. Mmoja wao ni rota, anayewaharisha sana watoto wachanga. Hapa Kenya chanjo ya rota imekuwa ikitolewa kliniki tangu mwaka 2014. Kama mtoto wako hajaipata, usingoje. Mpeleke akiwa bado na umri wa kuipata.

Sasa sikiliza kwa makini, kwa maana udongo wa Kenya si wa namna moja.

Wewe uliye Pwani, kuanzia Kwale, Mombasa hadi Kilifi, mahali pengi nyumba yako imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huo una matundu na nyufa. Ufa hauchuji kitu. Maji ya choo yakiingia kwenye ufa hukimbia kama maji katika mfereji, na yanaweza kufika kisima cha jirani yakiwa na vijidudu vyake vyote.

Usifikiri jambo hili huwapata maskini peke yao. Mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, mvua kubwa ilinyesha mwezi wa Mei. Maji ya mvua yalibeba bakteria kutoka kwenye samadi ya ng'ombe, yakapita katika mwamba wenye nyufa, yakaingia katika kisima cha mji ambacho hakikuwa na kina kirefu. Dawa ya klorini haikusimamiwa ipasavyo. Watu 7 walikufa, na zaidi ya 2,300 waliugua. Kwa hiyo wewe mwenye zizi la ng'ombe au banda la mbuzi, nalo lihesabu kama choo. Lisiwe upande wa juu wa kisima.

Wewe unayeishi kwenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua, kumbuka kwamba zile nyufa unazoziona juu ni njia. Mvua za kwanza hupita humo kabla udongo haujafumba.

Nawe uliye karibu na ziwa, au katika bonde ambapo ukichimba kidogo tu unapata maji, hatari yako ni kwamba maji yako juu mno. Shimo la choo na maji ya kisima vinakutana. Watafiti waliopima visima vya mitaa ya Kisumu kama Manyatta kati ya mwaka 1998 na 2004 walikuta bakteria wa kinyesi katika visima vingi. Katika mitaa kama hiyo vyoo vya shimo na visima vimechanganyika, huku choo na huku kisima.

Hapo tumefika kwenye lile jambo zito ninalotaka ulikumbuke leo. Mwongozo unaotumika sana unasema choo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani, na kwenye mwamba wenye nyufa mbali zaidi. Pia chini ya shimo la choo pabaki angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu kabla ya kufikia maji. Mita 30 ni kama hatua 40 za mtu mzima. Leo jioni, toka nje uzihesabu.

Lakini wengi wetu tunaishi kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia. Hiyo ni kama mita 15 kwa mita 30. Choo ukikiweka pembe hii na kisima pembe ile, ni kama zile mita 30 zimetimia. Haya, na choo cha jirani je? Kiko nyuma ya ukuta, hatua tano kutoka kisimani kwako. Udongo haujui mpaka wa ploti. Kwa hiyo kwenye ploti kama hiyo, mama, usiutegemee udongo. Yachukulie maji ya kisima hicho kuwa na vijidudu, hata yakiwa matamu namna gani. Ulinzi wa mwisho wa mtoto wako uko jikoni mwako.

Tufanye nini basi? Nitaeleza hatua kwa hatua.

Kwanza, kwa wale ambao hawajachimba. Kabla ya fundi kushika sururu, simameni uwanjani na jirani zenu. Uliza vyoo viko wapi, na maji ya mvua hutelemkia upande gani. Kisima kiwe upande wa juu, choo upande wa chini. Muulize afisa wa afya ya umma wa eneo lenu maji hufika kina gani wakati wa mvua. Usikubali shimo la choo lichimbwe mpaka lifike kwenye maji. Mafundi wengine husema choo kirefu ndicho kizuri kwa sababu hakijai upesi. Choo kilichofika majini kweli hakijai upesi, lakini ni kwa sababu uchafu unaondoka kwenda kisimani.

Pili, kwa wale ambao kisima na choo vimekaribiana tayari. Mahali penye maji ya juu, choo kinaweza kuinuliwa juu ya ardhi kwa matofali, shimo likawa fupi. Kikijaa, kinyonywe na lori au kifunikwe, kisiachwe kifurike. Kisima nacho kijengewe. Mita za juu za ukuta wake zipigwe saruji ili maji ya juu yasipenye. Kizungushiwe sakafu ya saruji na mfereji wa kupeleka mbali maji yanayomwagika. Kiwe na kifuniko, na ndoo moja tu ya kutekea. Nasema ndoo moja kwa sababu vijidudu vingi havipiti udongoni kabisa. Vinaingia kwa mdomo wa kisima, kwa kamba iliyoburutwa chini na ndoo iliyowekwa penye tope la kuku na mbuzi.

Tatu, kinyesi cha mtoto. Kuna akina mama wanaoamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Kumbuka mtoto wa Broad Street. Kinyesi chake kitupwe chooni, na nepi zifuliwe mbali na kisima. Kisha nawa mikono kwa sabuni na maji.

Nne, baada ya mafuriko. Mwezi wa Aprili na Mei mwaka 2024 tuliona maji yakifunika vyoo na visima katika sehemu nyingi za nchi. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kisitumiwe kwa kunywa mpaka kisafishwe. Mwite afisa wa afya ya umma. Maji huchotwa na kumwagwa, tope hutolewa, kuta husuguliwa, kisha hutiwa dawa ya klorini kwa kipimo kinacholingana na maji yaliyomo. Dawa huachwa ifanye kazi, kwa kawaida usiku kucha au siku nzima, halafu maji hayo huchotwa tena mpaka harufu ya dawa iishe. Baba au kijana asiingie kisimani peke yake, na injini ya pampu isiwashwe ndani ya kisima. Hewa ya humo inaweza kuua.

Na mkishamaliza, angalieni choo. Kama bado kimejaa maji na kiko karibu, vijidudu vitarudi. Kutia dawa kisimani bila kurekebisha choo ni sawa na kupiga deki huku paa linavuja.

Tano, na hili ni la kila siku, tibu maji ya kunywa. Yachemshe mpaka yatokote kwa mapovu makubwa, kisha yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Au tumia dawa ya maji ya klorini. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, funga mtungi, na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, maana tope hupunguza nguvu ya dawa. Weka maji katika mtungi wenye mdomo mwembamba au ndoo yenye bomba. Ukiwa na ndoo ya wazi, tumia kata yenye mpini mrefu, ili vidole visiguse maji. Kama kuna kioski cha maji ya mfereji na pesa hazitoshi kununua ya kazi zote, nunua mtungi wa kunywa na kupikia, na maji ya kisima yawe ya kufua na kusafisha nyumba. Hata ya kioski, ni vizuri kuyatibu, kwa sababu mtungi umepita mikononi mwa watu wengi.

Na kwa mtoto wa chini ya miezi sita, mnyonyeshe maziwa ya mama pekee, bila kumpa maji. Maziwa yako yana maji yote anayohitaji, hata wakati wa joto. Mtoto huyo hagusi maji ya kisima, na huo ni ulinzi mkubwa usiokugharimu hata shilingi.

Kabla sijamaliza, kuna swali ambalo huulizwa mara kwa mara kila tunapozungumza habari za maji. "Je, ni kweli kwamba wataalamu hutumia bakteria kusafisha maji ya ardhini yaliyoharibiwa na mafuta? Inakuwaje bakteria huyo huyo awe adui na tena awe fundi wa usafi?"

Ni kweli. Bakteria ni wa aina nyingi sana, na wachache tu ndio huleta maradhi. Katika udongo wako bakteria wanaozesha majani na samadi. Wapo pia wanaoweza kula mafuta ya petroli na kemikali nyingine, na kuzigeuza kuwa vitu visivyo na madhara makubwa. Wataalamu huwasaidia hao kwa kuwapa hewa na mbolea, au wakati mwingine huwaleta kutoka nje na kuwatia ardhini.

Lakini hapa wataalamu hukutana na jambo lile lile tulilozungumza. Udongo unaomnasa bakteria wa maradhi humnasa hata bakteria mwema. Ukimtia ardhini mahali pamoja, huganda pale pale, na uchafu ulio mbali haufikii. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika mji wa Schoolcraft, jimbo la Michigan nchini Marekani, watafiti walitaka kutumia bakteria kusafisha maji ya ardhini yaliyokuwa na kemikali. Walijua kwamba bakteria hawatasambaa wenyewe. Kwa hiyo walichimba visima vingi katika mstari, kila kimoja mita 1 tu kutoka kwa mwenzake, na wakawa wakisukuma maji na chakula cha bakteria kutoka kisima hadi kisima. Umbali wa mita 1 tu, na bado walihitaji pampu! Hapo unaona jinsi udongo mzuri unavyoweza kumzuia bakteria, tukiupa nafasi.

Kazi hiyo ni ya wataalamu, na huchukua miezi au hata miaka. Isikufanye udhani kwamba maji yenye mafuta yatajisafisha wiki ijayo. Mwaka 2015, huko Thange, Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba na kuharibu mto na maji ya wananchi. Basi kumbuka hili. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi petroli. Klorini pia haiondoi. Maji yakinuka petroli au mafuta ya taa, au yakiwa na utando wenye rangi rangi juu yake, usimpe mtoto, usipikie, na wala usiyachemshe karibu na moto. Tafuta maji mengine na umjulishe chifu na afisa wa afya ya umma siku hiyo hiyo.

Na ikiwa mtoto ameanza kuhara licha ya juhudi zako, usingoje. Mpe maji ya ORS, kidogo kidogo lakini mara kwa mara. Pakiti hupatikana zahanati na katika maduka ya dawa, nawe fuata maelezo ya kiasi cha maji. Kama huna pakiti, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, visiwe vya kufura. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Ulizia vidonge vya zinki kliniki, na umpe kwa siku zote utakazoambiwa, hata kama kuhara kumekoma mapema. Lakini ukiona hawezi kunywa, anatapika kila kitu, macho yameingia ndani, ana damu katika choo, au amelegea na ni vigumu kumwamsha, mkimbize hospitali. Mpe ORS mkiwa njiani.

Mama mwenzangu, tuyafupishe. Udongo ni mlinzi, lakini anahitaji nafasi na muda. Vijidudu havitembei, vinabebwa na maji, kwa hiyo jihadhari zaidi wakati wa mvua. Nyufa za mwamba na za udongo ni njia za mkato. Choo kiwe hatua 40 kutoka kisimani, upande wa chini. Na pale ambapo nafasi haitoshi, kama ilivyo kwenye ploti zetu nyingi, jiko lako ndilo liwe chujio la mwisho.

Mama wa Broad Street alimwaga maji ya nepi bila kujua yanakwenda wapi. Wewe sasa unajua. Ukimaliza kusikiliza, mwambie jirani yako pia, kwa sababu choo chake ni jirani ya kisima chako, na choo chako ni jirani ya kisima chake.



Maswali ya kujadili katika vikundi vya akina mama

1. Kutoka kisima tunachotumia hadi choo kilicho karibu zaidi, kikiwemo cha jirani, ni hatua ngapi? Nani kati yetu atazihesabu?

2. Udongo wa hapa kwetu ni wa namna gani: mchanga, mfinyanzi, mweusi unaopasuka, au mwamba? Wakati wa masika maji ya kisima hupanda kiasi gani?

3. Mvua inaponyesha, maji yanayopita karibu na vyoo na mazizi huelekea wapi?

4. Je, kila nyumba katika kikundi chetu hutibu maji ya kunywa? Ni nini kinachowazuia wasiofanya hivyo, na tunaweza kusaidiana vipi?